Kuwasha projekta kwa amri: ninavyofanya kwenye banda letu la mpira, Ujiji

Jumamosi jioni banda letu hapa Ujiji hujaa refa hajapuliza filimbi, na ndipo projekta hupenda kuonyesha buluu tupu. Zamani nilikuwa nabonyezabonyeza vitufe vya laptopu, huku nyuma watu wanapiga mluzi na kudai hela zao. Siku hizi nafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Laptopu yenyewe ni ya mtumba, ina Linux, na projekta inaingia kwa waya wa VGA.

Anza na hii, ujue ni mfumo gani unaochora skrini yako:

echo $XDG_SESSION_TYPE

Ikijibu x11, endelea. Ikijibu wayland, xrandr, yaani amri ya kupanga skrini tutakayotumia, haitakupangia. Toka, na pale pa kuweka nywila chagua kikao cha Xorg (ndiyo hiyo x11) kama kipo.

Sasa andika xrandr peke yake. Yatamwagika mengi, wewe tafuta neno connected. Kwangu LVDS-1 ni skrini ya laptopu na VGA-1 ni projekta, ila kila mashine ina majina yake, usinakili yangu kichwakichwa. Nyota inaonyesha ukubwa unaotumika sasa hivi. Alama ya kujumlisha ni ukubwa ambao kifaa chenyewe kinaupenda. Projekta ikiandikwa disconnected, achana na amri, kashike waya.

xrandr --output VGA-1 --auto --right-of LVDS-1

Hapo projekta inakuwa skrini ya pili upande wa kulia. Vuta dirisha la mechi kwa panya ulipeleke huko. Ukiweka --same-as badala ya --right-of, wateja wataona kila unachoona wewe. Mimi niliacha siku ujumbe wa mke wangu, "unga umeisha na hujasema kitu", ulipotokea ukutani katikati ya penalti. Banda zima lilinipa pole.

Kilichonisumbua zaidi ni ukubwa wa picha. Projekta yetu ni ya 1280x800, lakini waya una pini iliyovunjika, kwa hiyo projekta haiwezi kujitambulisha na laptopu inakomea 1024x768. Wachezaji wote wakawa wanene, mpira ukawa yai. Dawa ni kuiambia laptopu wewe mwenyewe. Andika:

cvt 1280 800 60

Itatoa mstari unaoanza na Modeline. Chukua kila kilicho baada ya neno hilo, ukiweke hivi:

xrandr --newmode "1280x800_60.00" 83.50 1280 1352 1480 1680 800 803 809 831 -hsync +vsync
xrandr --addmode VGA-1 "1280x800_60.00"
xrandr --output VGA-1 --mode "1280x800_60.00" --right-of LVDS-1

Zile namba usizikariri wala kuzibuni, cvt ndiyo inayopiga hesabu. Projekta ikizikataa, rudia ule mstari wa mwisho kwa --mode 1024x768.

Ukizima laptopu, yote haya yanasahaulika. Mistari hiyo mitatu nimeiweka kwenye faili mpira.sh, juu yake #!/bin/sh, nikaipa ruhusa mara moja kwa chmod +x mpira.sh. Sasa naita ./mpira.sh tu.

Kuna siku nilizima skrini ya laptopu kwa --off ili kubana betri, kijana mmoja akajikwaa kwenye waya wa VGA. Giza pande zote mbili. Usiguse panya: terminali bado inakusikiliza. Andika bila kuona xrandr --auto, bonyeza Enter, subiri kidogo.

Umeme ukikatika, projekta inakufa lakini laptopu inaendelea kwa betri, na dirisha la mechi linabaki kwenye skrini usiyoiona. Hapo ni xrandr --output VGA-1 --off, dirisha linarudi kwako. Wale wa benchi la mbele husogea wakajibana kwenye laptopu, na hao siwatozi tena.