Kuvua sato na sangara kwa kayaki kwenye maji mafupi ya Ghuba ya Mwanza

1. Vifaa. Leseni ya uvuvi, jaketi okozi uliyoivaa (si ile iliyofungwa nyuma ya kiti), kafi lenye kamba, kisu karibu na mkono. Kwa sato, mshipi (uzi wa kuvulia) unaohimili kilo 5, ndoana ndogo na minyoo. Kwa sangara, mshipi wa kilo 15 na kuendelea, na mwishoni unga nusu mita ya mshipi mnene, maana mdomo wake unakwaruza kama msasa. Fimbo isizidi mita 2. Ndefu inanasa kwenye matete.

2. Ingia majini kukipambazuka. Alfajiri upepo hutoka nchi kavu na ziwa hutulia. Mchana hugeuka ukavuma kutoka ziwani, na mawimbi huanza. Saa 5 uwe umeshaanza kurudi. Kaa mbali na kingo za mafunjo alfajiri: ndio muda viboko wanarudi majini kutoka malishoni. Eneo la Hifadhi ya Kisiwa cha Saanane usivue.

3. Kusimamisha kayaki. Hapa ndipo siku nyingi zinapoharibika, hivyo soma taratibu.

Penye tope, chini ya mita moja na nusu, achana na nanga. Tumia upondo: mwanzi mkavu wa mita 2.5, uliochongwa ncha. Uchomeke kwa kuulaza kidogo, kisha ufunge kwa kamba fupi yenye fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja. Hautoi kishindo, na sato hawashtuki.

Penye mawe, na Mwanza mawe yamejaa hadi chini ya maji, tumia nanga ya kilo moja na nusu yenye kamba ya mita 10. Kamba usiifunge kwenye pete ya juu. Ifunge kitakoni mwa nanga, kwenye makucha, ipitishe kando ya mti wake (chuma kirefu cha katikati), halafu ishikize kwenye pete kwa uzi mwembamba wa kushonea nyavu. Nanga ikinasa, vuta kwa nguvu: uzi unakatika, nanga inatoka kinyumenyume. Uzi ukiwa mnene haukatiki. Ukiwa mwembamba mno unakatika kwa wimbi la kwanza. Jaribu ufukweni kwanza.

Kamba itoke kichwani au mkiani mwa kayaki, kamwe isitoke ubavuni. Ikivutwa ubavuni, wimbi linaulaza upande huo na kayaki inapinduka. Mwisho wa kamba funga dumu tupu la lita moja. Sangara mkubwa akikimbia, au magugu maji yakianza kukuzingira, tupa dumu uondoke. Nanga utaifuata baadaye. Usisubiri magugu yakufikie, kwani kafi halipenyi.

4. Kuvua. Sato watafute pembeni mwa matete, kwenye visahani vya mviringo walivyochimba chini. Sangara anapenda kando ya mawe, pale kina kinaposhuka ghafla. Furu hai, wale samaki wadogo wa ziwani, ndio chambo ninachokiamini.

5. Kupakia. Sangara mshike taya la chini ukiwa na glavu, vidole mbali na vifuniko vya mashavu, vina miiba. Sato laza miiba ya mgongoni kuelekea mkiani. Sangara wa chini ya sentimita 50 na sato wa chini ya 25 warudishwe hapo hapo.

6. Kurudi. Shukia penye mchanga, si kwenye majani: konokono wa kichocho hukaa huko. Jikaushe miguu mara moja.