Kupiga hesabu ya uzito wa protini kwa kalkuleta tu

Hesabu yenyewe ni kujumlisha tu, kinachowaangusha wengi ni maji. Protini ni mnyororo wa amino asidi, na kila mbili zikishikana inatoka molekuli moja ya maji, daltoni 18.02 (daltoni moja ni karibu uzito wa atomi moja ya haidrojeni), kwahiyo ukichukua uzito wa kila amino asidi ikiwa peke yake ukajumlisha hivyohivyo utapata namba kubwa kuliko inavyotakiwa. We tafuta jedwali ambalo maji yameshatolewa. Glaisini ikiwa peke yake ni 75.07, ndani ya mnyororo ni 57.05, kwahiyo ukiona glaisini imeandikwa 57 ujue jedwali ndo hilo. Kila amino asidi ina herufi yake, mfano G ni glaisini, na protini huandikwa kwa hizo herufi zikifuatana. Jumlisha uzito wa herufi zote, halafu mwishoni rudisha 18.02 mara moja tu, maana ncha mbili za mnyororo bado zina H na OH zao.

Tuchukue oksitosini, ile sindano anayochomwa mama akishajifungua ili damu isitoke sana. Kwa udogo wake ni peptidi zaidi kuliko protini ila hesabu ni ileile: CYIQNCPLG. C ziko mbili, 103.14 × 2 = 206.28. Y 163.18, I na L zinalingana, 113.16 kila moja, Q 128.13, N 114.10, P 97.12, G 57.05. Jumla 992.18, weka maji unapata 1010.20.

Sasa ukiangalia kitabuni unakuta 1007.2, unaanza kurudia kujumlisha wee mpaka kichwa kinauma. Kujumlisha uko sawa. Zile C mbili zimeshikana salfa kwa salfa, na hapo haidrojeni mbili zinaondoka, toa 2.02 inabaki 1008.18. Halafu mkiani badala ya OH kuna NH2, toa tena 0.98. Ndo hiyo 1007.20, na hakuna herufi hata moja iliyokuambia hayo.

Protini ndefu usijitese nayo, bandika herufi zake kwenye ProtParam ya Expasy, kikokotoo cha mtandaoni, ni bure, ila angalia unabandika nini. Insulini ya binadamu ukiitoa UniProt, hifadhidata ya protini ya mtandaoni, nzimanzima inakuja na amino asidi 110, uzito karibu 11,981, wakati insulini iliyoko kwenye damu ina 51 tu na uzito wake ni kama 5,808, zingine zilikatwa wakati inatengenezwa. Sukari zilizoning'inia kwenye protini nazo ProtParam haizihesabu.

Ukiwa na haraka zidisha idadi ya amino asidi mara 110, insulini inakupa 5,610. Kwa kutafuta bendi kwenye jeli, ule mstari wa protini zilizotenganishwa kwa ukubwa, inatosha kabisa, kwa mas spektrometa, mashine inayopima uzito wa molekuli kwa usahihi mkubwa, usijaribu.