Kufunga Giaboksi ya 700R4 Kwenye Pikapu ya Zamani ya Chevrolet C10

Pikapu nyingi za Chevrolet C10 za mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilifungwa giaboksi ya otomatiki ya Turbo-Hydramatic 350, ambayo mafundi wa Marekani huiita TH350. Ni giaboksi imara, lakini ina gia tatu tu na haina ovadraivu, yaani gia ya juu inayopunguza mizunguko ya injini katika safari. Gari lenye difu ya uwiano wa 3.73 na matairi ya kimo cha inchi 28 likienda kilomita 100 kwa saa, injini yake huzunguka karibu mara 2,800 kwa dakika, na safari ndefu huwa ni kelele na petroli tupu. Ndiyo maana wengi huitoa na kufunga 700R4, giaboksi ya gia nne ambayo General Motors ilianza kuitumia mwaka 1982. Gia yake ya kwanza ni 3.06 badala ya 2.52, kwa hiyo gari huondoka na mzigo kwa wepesi zaidi, na ya nne ni 0.70, ambayo hushusha mizunguko ile 2,800 hadi takriban 1,950.

Kabla ya kununua, angalia difu yako. Ikiwa ni 3.07, gia ya nne itaibana injini katika mwendo wa kawaida na faida itakuwa ndogo. Kisha chagua giaboksi kwa mwaka wake. Mimi hupendelea zile za 1987 na kuendelea, kwa kuwa kufikia wakati huo kiwanda kilikuwa kimesharekebisha udhaifu mwingi wa zile za mwanzo. Konveta, kile kiungo cha mafuta kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, pia lazima ilingane na shafti ya kuingiza nguvu: za mwanzo zina meno 27, za kuanzia 1985 zina meno 30. Ipo pia 4L60E ya kuanzia 1993, ambayo ni ndugu yake anayeongozwa na umeme, lakini hiyo huhitaji kompyuta yake, sensa ya kabureta na sensa ya mwendo. Kwa gari lenye kabureta ambalo mwenyewe anataka libaki rahisi kutengenezwa, 700R4 ndiyo inayofaa.

Jambo ambalo ningependa kila anayeanza kazi hii alishike mapema ni kwamba kuna kebo moja itakayoamua uhai wa giaboksi yako. Katika TH350, presha ya mafuta huongozwa na modyuleta, kifaa kinachofanya kazi kwa mvuto wa hewa wa manifoldi ya injini, na kebo inayotoka kwenye kabureta ina kazi moja tu, ya kushusha gia dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho. Ikikatika, gari bado hutembea. Katika 700R4 hakuna modyuleta. Kebo inayofanana kabisa na ile ndiyo inayoiambia giaboksi injini imebeba mzigo kiasi gani, na presha inayoshikilia klachi hupanda na kushuka kwa kuifuata. Ikilegea, klachi huteleza kidogo kidogo bila dereva kuhisi chochote, kisha zinaungua. Nimefungua giaboksi iliyotembea siku chache tu tangu ifungwe: klachi za gia ya tatu na ya nne zilikuwa nyeusi kama mkaa na mafuta yalinuka moshi, na kosa lilikuwa hiyo kebo peke yake.

Sasa tuje kwenye kazi. Ondoa waya wa betri, inua gari na ulisimamishe juu ya stendi nne imara, kwa kuwa jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake. Mwaga mafuta, toa propela, paipu za kupozea, kebo ya spidomita, fimbo ya gia na bolti za konveta, kisha ishushe giaboksi ya zamani kwa jeki ya giaboksi. Kabla hujaipeleka kando, pima mkia wake, yaani hausingi ya nyuma inayoelekea kwenye propela. TH350 ilitengenezwa na mikia ya inchi 6, 9 na 12, na hapa watu wengi hukosea kwa kufuata maelezo ya gari la mwingine. Yenye mkia wa inchi 6 ina urefu wa karibu inchi 27.7, ilhali 700R4 ni inchi 30.75, kwa hiyo propela itakatwa karibu inchi 3. Yenye mkia wa inchi 9 inakaribiana sana na 700R4, na propela huenda ikarudi kama ilivyotoka, kwa kuwa meno ya kutoka ni yale yale 27. Usikate chochote mpaka giaboksi mpya iwe imekaa mahali pake na gari limesimama kwa uzito wake.

Matundu ya bolti nyuma ya injini za V8 za Chevrolet za wakati huo yanaoana na 700R4, hivyo hakuna adapta inayohitajika. Kazi ya kutulia ni konveta. Mimina takriban lita moja ya mafuta ndani yake, iingize kwenye shafti, kisha iwe inazungushwa huku ikisukumwa. Utaisikia ikizama kwa kishindo kidogo, halafu tena, mpaka meno yake yashike pampu. Wengi huacha katika kishindo cha kwanza. Giaboksi hii ina uzito wa takriban kilo 70 ikiwa kavu, kwa hiyo mtu aliyechoka hushawishika kuivuta kwa bolti ili ifunge. Usifanye hivyo hata mara moja, kwa sababu utavunja pampu. Hausingi lazima ikutane na injini kwa kusukumwa na mikono tu, na ukishafunga bolti zake, konveta lazima izunguke kwa uhuru na kubaki na nafasi ya milimita 3 hadi 5 kabla ya kuvutwa kwenye flaiwili. Nafasi hiyo ikikosekana, shusha giaboksi na uanze upya.

Maunti ya nyuma ya 700R4, yaani kishikizo kinachoikalisha kwenye chesisi, iko inchi 22.5 kutoka kwenye uso wa hausingi, wakati ya TH350 iko inchi 20.4, kwa hiyo mtambaa wa chesisi unaobeba giaboksi husogezwa nyuma kidogo zaidi ya inchi 2. Baada ya hapo pima propela huku yoki, kichwa chake kinachoingia kwenye giaboksi, ikiwa imeachwa inchi moja kabla ya kugonga mwisho, na mpe fundi wa propela aikate na kuibalansi.

Paipu za kupozea zioshwe kwa ndani, kwa kuwa uchafu wa klachi za giaboksi ya zamani umebaki humo, na mimi huongeza kipozeo cha ziada mbele ya rejeta. Klachi ya ndani ya konveta ipewe umeme wa volti 12 unaokatwa na swichi ya breki. Ukiiacha bila waya gari litatembea, lakini joto la mafuta litaongezeka katika gia ya nne. Mkono wa gia nao una nafasi moja zaidi kuliko wa zamani. Hakikisha kwa macho yako kwamba stata inakubali katika P (kuegesha) na N (huru) pekee.

Sasa rudi kwenye kebo. Pini inayoishika kwenye kabureta lazima iwe umbali wa takriban milimita 28 kutoka katikati ya shafti ya kabureta. Mkono wa TH350 mara nyingi hauna tundu mahali hapo, ndiyo maana huuzwa kipande cha kurekebisha. Injini ikiwa imezimwa, bonyeza kitufe cha chuma kwenye kebo, sukuma kipande kinachoteleza kirudi nyuma mpaka kikome, achia kitufe, kisha fungua kabureta kwa mkono hadi mwisho. Utasikia kebo ikijiseti kwa mlio wa kama meno ya msumeno. Bado usiamini. Funga geji ya presha ya psi 300 kwenye tundu la kupimia lililo ubavuni mwa giaboksi, washa injini, na uvute kebo taratibu: mshale lazima uanze kupanda papo hapo kebo inapoanza kutembea.

Giaboksi kavu hunywa karibu lita 10.5 za mafuta ya Dexron VI. Tia lita 5 kabla ya kuwasha, washa, endelea kumimina injini ikinguruma, pitisha gia zote, kisha soma dipstiki gari likiwa katika P na mafuta yamepata moto. Endesha kilomita chache kwa mwendo wa taratibu, rudi, angalia kama kuna uvujaji, na upime kebo kwa mara nyingine kabla ya kulibebesha gari mzigo wowote.