Somo: Kutoa kutu ya vishimo kwenye kromu kwa leza bila kuiharibu kromu yenyewe

Naandika hapa mara moja ili anayeuliza kesho nimwelekeze huku. Tangu video za leza zianze kuzunguka kwenye simu, kila anayeleta bampa au shokapu gereji, hapa Mtwara mpaka Lindi, ana swali lilelile: itarudi kuwa mpya? Hairudi. Leza inatoa kutu. Kromu iliyokwisha kuliwa hairudishi, na kishimo kinabaki kishimo, ila kisafi.

Elewa kwanza kinachooza. Kromu yenyewe haishiki kutu, kinachoshika ni chuma kilicho chini yake. Kromu ya urembo (bampa, vioo, ekzosi) ni nyembamba kupita maelezo, mara nyingi robo mpaka nusu ya mikroni (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Chini yake kuna nikeli ya mikroni 10 hadi 30 hivi, halafu ndio chuma. Kromu hiyo ina nyufa na vitundu ambavyo macho hayavioni. Kusi likivuma Shangani au Mikindani, chumvi na unyevu vinapenya humo, vinakula nikeli taratibu, na vikifika kwenye chuma kutu inavimba na kuinua ngozi ya kromu kutoka chini. Ndiyo maana juu unaona kidoa cha kahawia kidogo, ukikikuna unakuta pengo pana.

Kromu ngumu ya fito za shokapu na za haidroliki ni habari nyingine. Huanzia kama mikroni 20 na kuendelea. Hapo unayo nafasi ya kufanya kazi.

Mashine: leza ya mapigo, mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, wati 100 hadi 300. Zile za mwanga mfululizo za wati 1500 na kuendelea ni za mabomba na vyuma vinene, zinapasha moto kipande kizima. Ya mapigo inafaa kwa sababu kutu inaumeza mwanga ilhali kromu inaurudisha sehemu kubwa, na kila pigo linakwisha kwa nanosekunde, kwa hiyo kutu inaruka kabla joto halijasambaa.

1. Osha kwa maji ya bomba na sabuni. Usitumie maji ya kisima kama yana chumvi. Kausha.

2. Fungua kipande, kiweke mbali na tanki la petroli, sili na mipira. Kama ni plastiki iliyopakwa kromu, iache, haihusiki na somo hili.

3. Kinga. Mwanga huu hauonekani. Jicho halitafumba kwa sababu halina cha kukimbia, na kromu ni kioo: mwali unaoelekeza chini unaweza kurudi kwa mtu aliyesimama mlangoni akitazama. Kila aliye chumbani avae miwani ya leza iliyoandikwa 1064 na kinga OD 6 au zaidi (OD ni kipimo cha miwani kuzuia mwanga). Miwani ya jua na kofia ya kuchomelea havikutengenezwa kwa ajili hii. Funga mlango, watoto nje. Moshi wake una kromu na nikeli, na baadhi ya michanganyiko ya metali hizo inasababisha saratani, kwa hiyo feni ya kunyonya iwe karibu na unapopiga, na uvae barakoa yenye vichujio vya P3 (vya kuzuia vumbi laini kabisa). Kitambaa cha pua hakitoshi.

4. Jaribio, na hapa ndipo kromu za watu zinapopotelea. Tafuta sehemu isiyoonekana, nyuma ya bampa au chini ya kibano, yenye kidoa kama kile cha mbele. Anza na nguvu ya chini kabisa ambayo mashine inatoa, mwali ukitembea haraka, halafu pandisha kidogo kidogo mpaka kutu ianze kuruka. Ishia hapo. Usiongeze ili umalize mapema. Kichwa kiinamishe kidogo, digrii 10 hadi 20, maana ukikisimamisha wima juu ya kromu mwanga unarudi ndani na unaweza kuua chanzo cha leza. Tazama rangi: kromu nzima ina ubluu wa mbali, nikeli ina unjano. Ukiona unjano unatokea pembeni ya kishimo, umekwisha kuitoboa, na hakuna polishi itakayorudisha. Ukiona weupe uliofifia, umeichoma uso. Usikae mahali pamoja, hata sekunde moja ya kusita inaacha alama. Na kabla ya yote bandika utepe wa gundi (selotepu) juu ya vidoa kisha uuvute. Ukitoka na magamba, kromu hiyo imeshaachana na chuma na leza itaibandua yote. Mwambie mwenye mali kabla hujawasha, si baada.

5. Piga, kidoa kwa kidoa. Pita mara nyingi kwa nguvu ndogo, ukipumzisha kipande. Kikishika joto la kuunguza mkono, simama.

6. Suuza kwa maji ya betri ya kuongezea, yale yasiyo na asidi, kausha kwa upepo wa kompresa, na uzibe siku hiyohiyo. Chumvi ikibaki chini ya kishimo, kutu inarudi, na kwa unyevu wetu chuma kilicho uchi hakingoji kesho. Nta ya gari kwa vya urembo, vanishi angavu kwa mashimo makubwa.

MASWALI

boda_masasi: Mkuu bei gani?
Jibu: Hili ni somo, si tangazo.

mvuvi_kilwa: Nina leza ya mfululizo ya wati 1500 ya boti, si nitapunguza tu nguvu?
Jibu: Nimeeleza juu. Hapana.

mvuvi_kilwa: Ila jamaa wa bandarini anaitumia kwa kila kitu.
Jibu: Kwa nanga na minyororo sawa, ni vyuma vinene. Kwa kromu ya robo mikroni sitabadilisha jibu. Jaribu kwenye kipande ambacho hutakililia.

Binti Mikindani: Shikamoo fundi. Kaka yangu ana leza ndogo ya kuchora mbao. Haiwezi kufanya kazi hii? Naomba kujua sababu hata kama ni hapana.
Jibu: Marahaba dada, swali zuri. Nyingi za mbao ni za aina mbili. Ya gesi ya kaboni dayoksaidi hutoa mwanga wa nanomita 10600, na metali inaurudisha karibu wote. Ile ya bluu hutoa kama nanomita 450, lakini nguvu yake inatoka taratibu, haina pigo kali la kupasua kutu, kwa hiyo inapasha moto tu. Kwa vidoa vichanga hata huhitaji leza. Chukua karatasi ya alumini ya kufungia chakula, ilowanishe kwa maji, sugua polepole. Alumini ni laini kuliko kromu, haikwaruzi, na kutu inatoka. Limao nalo linasaidia, ila suuza vizuri.

fundi_newala: Na maji makali ya betri? Wengi huku wanapaka.
Jibu: Wakataze. Asidi inaingia kwenye kishimo na kuendelea kula. Asidi ya chumvi ni mbaya zaidi, inaiyeyusha kromu yenyewe. Na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe isiguse kromu.

fundi_newala: Asante mkuu. Shokapu ya mbele ina vishimo, sili inavuja. Leza inatosha?
Jibu: Haitoshi. Safisha kwa leza, kisha jaza vishimo kwa epoksi ngumu, iache ikauke kabisa, sugua kwa msasa namba 2000 wenye maji mpaka kucha isikwame. Vishimo vikiwa juu, sili isikofika, kazi inadumu. Vikiwa katikati ya njia ya sili, tafuta fito nyingine.

Binti Mikindani: Na pikipiki inayolala karibu na bahari?
Jibu: Usiifunike kwa turubai lisilopumua, unyevu unabaki ndani. Ikitoka ufukweni imwagie maji matamu jioni ileile, na fito za shokapu zipanguse kwa kitambaa chenye oili kidogo kabla ya kulala.