Jinsi ya Kumfuatilia Mbawakawa wa Mierebi katika Milima ya Sierra Nevada

Anayetaka kumfahamu vizuri mbawakawa aitwaye Chrysomela aeneicollis, ambaye katika milima ya Sierra Nevada, jimbo la California nchini Marekani, huishi kwa kula majani ya mierebi, aanze kwa kuchagua kichaka. Kinachofaa zaidi ni mwerebi wa aina ya Salix orestera, ambao majani yake yana salisini, kemikali chungu ya asili ya mierebi, kwa wingi na ambao huota kandokando ya vijito vya milimani. Mabonde ya Bishop Creek, Rock Creek na Big Pine Creek, upande wa mashariki wa milima hiyo, yamechunguzwa sana na watafiti.

Nenda theluji inapoyeyuka, mnamo Juni, wakati mbawakawa waliojificha chini majira yote ya baridi hupanda vichakani kula na kujamiiana. Pindua majani taratibu, kwa sababu mayai yao ya manjano hutagwa kwa mafungu upande wa chini. Usilichume jani lenye mayai. Funga uzi wa rangi kwenye tawi lake ili ulione tena utakaporudi.

Mabuu, kwa maoni yangu, ndio wanaostahili muda wako mwingi. Wakiwa wadogo hula kwa pamoja, wakiikwangua nyama ya jani na kuacha mishipa yake. Chukua lenzi ya mkononi, kisha mguse buu mmoja kwa ncha ya unyasi: papo hapo vitone vitajitokeza mgongoni, jozi tisa kwa safu mbili, vikitoa harufu kali inayofanana na ya lozi chungu, na ukimwacha atulie atavirudisha mwilini bila kuvipoteza. Sumu hiyo, salisilaldehidi, huitengeneza kutokana na salisini ya jani, na sukari inayobaki huitumia kama chakula. Hivyo jani lile lile humlisha na kumlinda.

Hata hivyo, usiondoke upesi, kwani wapo maadui wanaoifuata harufu hiyo hiyo. Nyigu wa jenasi Symmorphus huwabeba mabuu hadi kiotani kulisha watoto wake, na nzi Parasyrphus melanderi hutaga kwenye mafungu ya mayai ya mbawakawa, ambayo huliwa na mabuu wa nzi huyo. Andika ni fungu lipi limeshambuliwa.

Buu akishakua hujishikiza kwenye jani na kuwa pupa, na mbawakawa wapya hutokea kiangazi kikielekea mwisho, wakala kabla ya kushuka kujificha. Kizazi ni kimoja tu kwa mwaka. Kwa hiyo, pamoja na hesabu ya wadudu, weka kumbukumbu ya kina cha theluji kila majira ya baridi, maana theluji ndiyo blanketi lao, na inapokuwa haba baridi kali huwafikia wakiwa ardhini.