Mofini ya maji nyumbani: namna ya kuipima, saa zake na dalili za hatari

Mwongozo huu ni wa ndugu anayeuguza mtu mzima nyumbani, iwe Mbagala, Tabata au Kigamboni, aliyetoka kliniki ya tiba shufaa (huduma ya kupunguza mateso ya mwenye ugonjwa mzito) na chupa ya mofini ya maji. Hauhusu watoto, na hauwezi kubadilisha kipimo kilichoandikwa kwenye cheti cha mgonjwa wako. Mofini inatuliza maumivu makali ya saratani ambayo Panadol haiyafikii. Ikipimwa ovyo, inaua. Makosa mengi mabaya hutokea kwenye kupima na kwenye saa, kwa hiyo huko ndiko tutakaa zaidi.

Hatua ya 1: Usiondoke kwenye dirisha la dawa kabla ya kusoma lebo

Tafuta namba mbili. Miligramu (mg) ni nguvu ya dawa, mililita (ml) ni wingi wa maji. Chupa ya 5mg/5ml ina miligramu 1 katika kila mililita. Chupa ya 10mg/5ml ina miligramu 2. Aliyeandikiwa miligramu 5 atakunywa mililita 5 kutoka chupa ya kwanza, lakini mililita 2.5 tu kutoka ya pili. Iko hata ya 50mg/5ml, yenye nguvu mara kumi ya ile ya kwanza.

Watu huumia hivi: safari iliyopita chupa ilikuwa nyepesi, safari hii imetoka kali, na aliyebaki nyumbani anaendelea kuvuta mililita zilezile alizozoea. Mgonjwa anakunywa mara mbili ya dawa yake bila mtu kujua. Mwombe mfamasia aandike dozi kwa mililita juu ya chupa yenyewe, na akuoneshe kwa kidole mstari wa kuishia kwenye bomba la sindano. Omba mabomba mawili, yasiyo na sindano. Kila chupa mpya, rudia zoezi hili hata kama rangi na umbo ni vilevile.

Kabla hujaondoka, daktari ajue pia kama mgonjwa ana shida ya figo au ya kifua, kama anakunywa pombe au vidonge vya usingizi, na kama amewahi kutumia heroini. Anayekunywa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, kwenye kliniki kama ile iliyoanza Muhimbili mwaka 2011, asifiche. Methadoni na mofini ni ndugu, na nguvu zake hujumlishwa. Kliniki zote mbili zijuane.

Hatua ya 2: Panga saa

Mofini ya maji huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hivi, na nguvu yake hudumu takriban saa nne. Ndiyo maana hutolewa kwa saa, si kwa kilio. Ukisubiri mpaka maumivu yapande, utakuwa unayakimbiza siku nzima. Ratiba inayotumika sana ni hii:

- saa 12 asubuhi
- saa 4 asubuhi
- saa 8 mchana
- saa 12 jioni
- saa 4 usiku, dozi mara mbili

Dozi mbili za saa 4 usiku zipo ili mgonjwa alale bila kuamshwa saa 8 usiku. Zitoe kama tu cheti kinasema hivyo. Mzee sana, au mwenye figo dhaifu, anaweza kupangiwa dozi ndogo zaidi na saa zilizoachana zaidi, kwa sababu mabaki ya mofini hutoka mwilini kupitia figo. Zikilegea, mabaki hurundikana.

Weka alamu ya simu na ubandike karatasi ukutani yenye saa, mililita na jina la aliyetoa. Bila karatasi hiyo, shangazi anatoa saa 8, kaka anarudi kutoka kazini saa 8 na robo na kutoa tena. Ukisahau dozi, toa moja ukikumbuka, kisha hesabu saa nne kuanzia hapo. Usitoe mbili kufidia. Siku ya kliniki, dozi ya saa 4 itamkuta kwenye foleni au ndani ya daladala: beba chupa, bomba na cheti.

Wakati wa Ramadhani wapo wagonjwa wanaotaka kufunga na kuruka dozi za mchana. Zungumzeni mapema na daktari na shehe wenu. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na kuruka dozi tatu ni kumrudisha kwenye maumivu.

Hatua ya 3: Pima

Kijiko cha chai si kipimo. Cha nyumba hii si sawa na cha nyumba ya pili, na kwenye dawa hii tofauti hiyo ni kubwa. Mimina kiasi kidogo kwenye kikombe safi, vuta kwa bomba, kisha ligeuze mdomo juu na uligonge kwa kidole ili mapovu yapande. Yasukume nje. Soma mstari bomba likiwa usawa wa macho yako. Mgonjwa akae, au ainuliwe kwa mito, nawe uisukume polepole kwenye upande wa shavu. Iliyobaki kikombeni ndiyo sehemu ya dozi inayofuata. Ifunike na uifungie pamoja na chupa, au mimina kidogo tangu mwanzo ili isibaki.

Akitapika mara tu baada ya kumeza, piga simu kliniki kabla ya kurudia.

Hatua ya 4: Dozi ya ziada

Maumivu yanaweza kuchomoza kati ya saa za dozi. Muulize mgonjwa aoneshe kwa vidole: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni makali kabisa. Kliniki nyingi huruhusu dozi moja ya ziada inayolingana na ya kawaida. Itoe, iandike, na ile ya saa yake usiifute. Zikifika zaidi ya tatu kwa siku, dozi ya msingi ni ndogo. Mpigie aliyeandika dawa aipandishe yeye. Maumivu yanayochoma kama shoti ya umeme mara nyingi ni ya mishipa ya fahamu, na yana dawa yake nyingine. Kuongeza mofini peke yake hakutayamaliza.

Panadol inaweza kwenda pamoja na mofini. Tramadoli (dawa nyingine ya maumivu), dawa yoyote ya kikohozi yenye kodini, diazepamu (ya usingizi) na pombe, hapana. Diklofenaki usiinunue dukani kwa kujiamulia: inaumiza figo, na figo ndizo zinazoondoa mofini.

Hatua ya 5: Choo

Hili hudharauliwa, na ndilo linalowafanya wengi waache dawa. Mofini inapunguza mwendo wa utumbo, na mwili hauzoei jambo hilo kamwe. Dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili, ianze siku ileile, kila usiku. Maji, papai na kutembea hata mpaka barazani husaidia, lakini havitoshi peke yake. Siku tatu bila choo, piga simu. Kichefuchefu na usingizi wa mchana ni tofauti: kwa kawaida hupungua ndani ya siku chache.

Hatua ya 6: Jua usingizi wa kawaida na usingizi wa hatari

Mtu aliyekosa usingizi wiki nzima atalala sana maumivu yakitulia. Huyo ukimwita na kumgusa anaamka na kukujibu. Wa hatari haamki hata akitikiswa, au anaamka na kuzama tena kabla ya kujibu. Anakoroma kwa sauti ya maji kooni, mboni za macho zimekuwa kama tundu la sindano, midomo imebadilika rangi. Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Chini ya 8 ni dharura.

Usimpe dozi nyingine wala maziwa, usimmwagie maji. Mlaze ubavu, kichwa kielekee nyuma kidogo, mtu mmoja abaki naye, mpelekeni hospitali iliyo karibu mkiwa na chupa. Waambieni mapokezi neno "mofini" mara mfikapo: ipo dawa, naloksoni, inayoizuia, lakini hufifia mapema, kwa hiyo abaki akiangaliwa. Mikono inayorukaruka, au kuona vitu visivyopo, mpigie daktari siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Kabati na hesabu ya chupa

Weka chupa kwenye kabati lenye kufuli, mbali na dirisha la jua na mbali na jiko, watoto wasione. Dozi ya mililita 5 kwa ratiba ya hapo juu ni mililita 30 kwa siku. Chupa ya 300 itaisha siku ya 10, na kwa dozi mbili za ziada kila siku, itaisha siku ya 8. Rudi kliniki ikibaki ya siku tatu, usiache imalizikie Jumamosi. Kukatisha ghafla humletea kutoka jasho, mafua, kuharisha na maumivu yote kwa pamoja. Hiyo ni kawaida ya mwili uliozoea dawa, haimaanishi mama yenu amekuwa teja. Hata maumivu yakiisha, dozi hushushwa taratibu na daktari.

Jirani akiomba kidogo kwa mgongo wake, mnyime. Dozi ya mgonjwa aliyezoea inaweza kusimamisha pumzi za asiyezoea. Mgonjwa akipona au akifariki, chupa iliyobaki irudishwe ilipotoka, isimwagwe sinkini, na mpokeaji aandike kiasi alichopokea.