Jinsi ya Kutunza na Kukabidhi Betri Chakavu Bila Kumwaga Tindikali

Betri ya gari iliyokufa huhesabiwa kuwa taka hatarishi hata kama haijapasuka. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi na misombo yake, na ndani yake mna tindikali ya salfuri iliyochanganywa na maji, ambayo mafundi wengi huiita maji ya betri tu, jina linaloificha ukali wake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wenye gereji, wauza betri, mafundi wa sola na wanunuzi wa vyuma chakavu wa Tanzania na Kenya, kwa sababu wao ndio huipokea betri hiyo kwanza, kabla haijafika kwa mtu yeyote mwenye kibali. Agizo lake kuu ni moja: betri iingie kwako ikiwa nzima, na iondoke kwako ikiwa nzima, maji yake yakiwa ndani.

Anayedhani kwamba madhara ya risasi hutoka viwandani peke yake aikumbuke Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, Senegal. Huko watu walipasua betri kwa mikono na kuchekecha mchanga uliochanganyika na risasi ili wauze, na kati ya mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008 watoto 18 walifariki. Karibu na kwetu kuna Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri hadi kiwanda hicho kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi hapo na ambaye mwanawe alikutwa na sumu ya risasi mwilini, aliongoza madai ya wakazi na kupewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Anza na bei

Wengi huanza na glavu na miwani, nami sikatai, lakini tindikali humwagwa mtaroni kwa sababu ya mizani. Mnunuzi hulipa kwa kilo, na kwa kuwa hataki kulipia maji, humtaka muuzaji aikaushe betri kwanza. Muuzaji huitoboa au huipindua uani, kisha huipeleka mizanini ikiwa kavu. Tindikali hiyo hubeba chembe za risasi, kwa hiyo kinachobaki uani si kiowevu kikali tu kitakachofifia mvua ikinyesha, bali ni risasi ambayo haiozi wala haiondoki.

Dawa yake ni kukubaliana bei mbili zilizo wazi. Tuseme betri ina uzito wa kilo 15, na kilo 3 kati ya hizo ni maji. Ikiwa bei ya betri kavu ni shilingi 1,500 kwa kilo, muuzaji atapata shilingi 18,000 kwa kilo 12. Mnunuzi akilipa shilingi 1,200 kwa kilo ya betri yenye maji, muuzaji atapata shilingi 18,000 zilezile, na hakuna atakayepoteza kitu. Bandika bei hizo ukutani, na betri itakayoletwa ikiwa imetobolewa makusudi inunuliwe kwa bei ya chini kuliko zote. Jambo hili moja likifuatwa, litazuia uchafuzi mwingi kuliko mabango ya tahadhari.

Mahali pa kuhifadhi

Chagua mahali penye paa, pasipofikiwa na mvua wala jua kali, mbali na jiko, kisima na mahali wanapochezea watoto. Sakafu iwe ya zege lisilo na nyufa, na kwa kuwa tindikali huila zege polepole, ipakwe rangi inayostahimili tindikali au itandikwe plastiki nzito. Jenga ukingo mdogo kuzunguka eneo lote ili kitakachovuja kisitoke nje, wala pasiwe na tundu linaloelekea kwenye mtaro. Hewa ipite kwa wingi, kwa maana betri inaweza kutoa hewa ya haidrojeni, nayo hulipuka kwa cheche moja. Kwa sababu hiyo kuvuta sigara na kuchomelea vipigwe marufuku hapo.

Panga betri zikiwa wima, vizibo vikiwa vimefungwa, na kati ya tabaka moja na jingine weka ubao au kadibodi nene, usizidishe tabaka tatu. Funika vichwa vya betri kwa utepe wa fundi umeme ili chuma kisije kikaviunganisha na kuzua moto. Betri inayovuja usiichanganye na nyingine, bali itie kwenye ndoo au pipa la plastiki lenye mfuniko. Pipa la chuma halifai, kwa sababu tindikali italitoboa.

Ikimwagika

Tindikali ikimwagika, zuia kwanza isisambae, kwa mchanga mkavu. Kisha nyunyiza unga wa magadi au chokaa kuanzia pembezoni kuelekea katikati, taratibu. Magadi hutoa povu yanapokutana na tindikali, na povu likikoma hata ukiongeza unga, ujue ukali umekwisha. Hapa watu wengi hukosea, kwa kudhani kwamba baada ya povu kukoma mabaki ni salama na yanaweza kutupwa jalalani. Magadi huua ukali wa tindikali lakini hayaondoi risasi. Yazoe mabaki yote, yatie kwenye ndoo ya plastiki iliyoandikwa maneno yanayosomeka, na uyakabidhi pamoja na betri.

Tindikali ikimrukia mtu mwilini au machoni, avue nguo zilizolowa na aoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha apelekwe hospitali. Magadi yasitumike kamwe kwenye ngozi wala machoni. Ikiwa gereji haina bomba, ndoo mbili za maji safi zikae hapo wakati wote na zisitumike kwa shughuli nyingine.

Mwili na nyumbani

Risasi huingia mwilini kwa vumbi linalovutwa na kwa mikono inayoshika chakula. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi katika damu kuwa salama, na linaelekeza kwamba mtu akikutwa na mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na mama mjamzito humpitishia mwanawe aliye tumboni. Kwa hiyo mfanyakazi ale na anywe nje ya eneo la betri baada ya kunawa kwa sabuni, na nguo na viatu vya kazi vibaki kazini. Baba anayembeba mtoto jioni akiwa na ovaroli ya gereji amemletea vumbi lile hadi kifuani. Sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi, isifagiliwe kavu, na wafanyakazi wapimwe damu kila mwaka panapopatikana kipimo hicho.

Neno kwa ndugu zetu wavuvi wa pwani. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila taabu, na ndiyo maana kuna watu wanaopasua betri na kuyeyusha risasi uani ili kutengeneza chubwi, yaani vizito vya kuzamishia nyavu na mishipi. Sufuria hiyo na jiko hilo havifai tena kwa chakula, na moshi wake hutua juu ya kila kitu kilicho uani. Msimuuzie mtu betri kwa kazi hiyo.

Kukabidhi na kumbukumbu

Mwombe anayekuja kuchukua mzigo akuonyeshe kibali, na usome kinamruhusu kufanya nini: kukusanya, kusafirisha au kuyeyusha, kwa sababu kibali cha kazi moja hakimpi ruhusa ya nyingine. Kwa Tanzania anayesimamia ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, chini ya sheria ya mwaka 2004; kwa Kenya ni Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, chini ya sheria ya mwaka 1999. Mfanyabiashara wa Tanzania anayeuza pia tindikali mpya anahitaji usajili wa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mzigo unaovuka mpaka huongozwa na Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, mkataba wa kimataifa kuhusu usafirishaji wa taka hatarishi, unaotaka nchi inayopokea na nchi unakopita zikubali kwa maandishi kabla mzigo haujaondoka.

Daftari moja linatosha: tarehe, idadi ya betri, uzito, zilitoka kwa nani, zimekwenda kwa nani, namba ya kibali na namba ya gari. Garini betri zisimame wima, zifungwe kwa kamba, na pasiwe na abiria wala gunia la chakula juu yake.

Uani palipokwisha kuchafuliwa

Ikiwa betri zimekuwa zikimwagwa uani kwako kwa miaka, usichimbe udongo huo wala usiuhamishie mahali pengine. Ufunike kwa turubai au kwa tabaka la udongo safi lililoshindiliwa, uache kulima mboga na kufuga kuku hapo, na uwaombe wasimamizi wa mazingira wachukue sampuli za udongo na za maji ya kisima kilicho karibu. Hadi majibu ya maabara yatakapotoka, watoto wa nyumba hiyo wachezee kwingine, na wao ndio wawe wa kwanza kupimwa damu.